Aliyebeba Mzigo Naye Ahesabiwe

Wageni wengi wanaofika kwetu huuliza habari za mlima kabla hawajauliza habari za watu. Hatuwalaumu. Kilimanjaro ina kimo cha mita 5,895, na hakuna mlima mrefu kuliko huu katika Afrika nzima. Asubuhi mawingu yanapofunguka, hata sisi tuliozaliwa chini yake husimama kidogo kuutazama. Lakini historia ya mlima huu, jinsi inavyosimuliwa vitabuni na kuandikwa kwenye vibao, ni historia ya waliofika juu: nani alitangulia, mwaka gani, alipaitaje.

Katika insha hii tunataka kuifuata historia hiyo kwa njia nyingine, nyuma ya wale waliobeba mizigo. Hatufanyi hivyo ili kuwatia wageni aibu, wala ili kuamsha uchungu wa zamani. Tunafanya hivyo kwa sababu tunamwamini Mungu anayehesabu hata nywele za kichwa, na mtu anayemwamini Mungu wa namna hiyo hawezi kuridhika na hesabu inayowaacha nje wengi wa waliokuwapo. Tena hatari za mlima huu hazijaisha. Kila wiki vijana wetu hupanda, na si kila mara wote hurudi.

Neno moja: baridi

Simulizi ya zamani sana tuliyo nayo kwa maandishi juu ya watu waliotumwa kuupanda Kilimanjaro si habari ya Wazungu. Wamisionari Johannes Rebmann na Ludwig Krapf waliiandika kama walivyoisikia katikati ya karne ya 19. Mangi Rengua wa Machame alitaka kujua kile cheupe kinachong'aa kileleni ni kitu gani. Watu wa pwani walisema ni fedha. Basi Mangi akatuma kundi la watu wapande wakaangalie. Katika kundi lile alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, akawa kilema maisha yake yote. Wenzake waliishia huko.

Tukiitazama vizuri habari hiyo, tutaona kwamba mengi yaliyofuata yamo ndani yake. Yupo mkubwa anayetaka kujua, naye amebaki nyumbani. Wapo waliotumwa, nao hawana nguo za kuwafaa wala hawajaambiwa hatari iliyo mbele. Na mwisho limebaki jina moja. Ya wengine yamepotea.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann mwenyewe aliuona mlima. Alikuwa ametoka pwani akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Rebmann aliona weupe kileleni akamwuliza mwongozaji wake ni nini. Mwongozaji hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu kwamba huenda ni baridi. Siku hiyo Rebmann aliketi akasoma Zaburi ya 111, inayosifu ukuu wa matendo ya Bwana. Huko Ulaya wataalamu wa jiografia walibisha kwa miaka kadhaa, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwongozaji alikuwa amekwisha kusema kweli kwa neno moja, na neno hilo ndilo lililowaua watu wa Rengua.

Waliobaki nyuma

Mwaka 1871 alikuja Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyekuwa akifanya kazi Ribe, karibu na Mombasa. Alipanda na watu wachache. Baridi ilipozidi, mmoja baada ya mwingine alishindwa, mpaka wakabaki wawili tu wanaoendelea: New na mtu wake aliyeitwa Tofiki. Kisha Tofiki naye akaishiwa pumzi. New anasimulia kwamba Tofiki hakumsihi arudi. Alimwambia aendelee, yeye angemngoja, akirudi, vema, asiporudi, yeye angekufa palepale. New akaenda peke yake, akaigusa theluji, akarudi, na wote wawili wakashuka wakiwa hai.

Tunamshukuru New kwa kuliandika jina la Tofiki, maana wengi wa nyakati zake hawakufanya hivyo. Uaminifu wa Tofiki unagusa moyo. Lakini tukikaa nao kidogo unatutia hofu pia. Mtu anayeumwa amemwambia mkubwa wake aendelee, na mkubwa wake ameendelea. Safari ile, kwa rehema ya Mungu, wote walipona. Maneno kama ya Tofiki yamesemwa mara nyingi mlimani tangu siku ile, na si kila aliyeyasema alikutwa hai.

Baada ya New tunafika kwa jina linalojulikana na kila mtoto wa shule: Hans Meyer. Mara ya kwanza, mwaka 1887, Mjerumani huyu alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri kabla hajaufikia mlima, akakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na tarehe 6 Oktoba wawili hao wakafika kileleni. Meyer akapaita kwa jina la Kaisari wake.

Yeye alikuwa ameelewa jambo ambalo wenziwe waliomtangulia hawakulielewa, kwamba mlima huu hushinda watu kwa njaa na uchovu kabla ya kuwashinda kwa barafu. Kwa hiyo alipanga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapeleka chakula na kuni kutoka kambi ya chini hadi ya juu, safari baada ya safari. Katika kambi ya juu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,300, alikaa mtu mmoja kutoka Pangani, jina lake Mwini Amani. Wakati Wazungu wawili wakikata ngazi kwenye barafu, yeye aliilinda hema na kuutunza moto, mtu wa pwani katika baridi isiyo na mfano pwani. Meyer mwenyewe alimsifu. Bila mipango ile na bila migongo ile, tarehe 6 Oktoba isingekuwapo katika vitabu.

Watu wa Marangu nao wamehifadhi jina la Yohani Kinyala Lauwo, wanayemkumbuka kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Miaka 100 ilipita kabla jina lake halijatajwa kwa heshima hadharani, katika sherehe za mwaka 1989. Alifariki mwaka 1996, akiwa mzee sana. Miaka 100 ni muda mrefu kungoja kutajwa.

Kanisa nalo lilikuwapo

Sisi wa Kanisa hatuwezi kuisoma historia hii kama watu waliosimama kando. Wakatoliki walianza kazi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Tangu hapo Injili na mlima vimekuwa majirani. Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Tanganyika katika miaka ya 1920, aliupanda mara nyingi mno, hata shimo la volkano la kileleni likapewa jina lake. Ndiye aliyeeleza habari za chui aliyekutwa ameganda karibu na ukingo wa Kibo mwaka 1926, chui ambaye baadaye mwandishi Ernest Hemingway alimfanya ajulikane dunia nzima.

Inatupasa kulisema jambo hili kwa unyenyekevu: ulimwengu unajua habari za chui aliyefia kule juu kuliko unavyojua habari za watu waliofia huko. Chui alipigwa picha, akaandikwa, akapewa hata mahali panapoitwa kwa jina lake. Wapagazi waliokuwa wakiwabebea watalii wa miaka ile walikuwa Wakristo wenzetu, waliobatizwa katika sharika zetu, walioketi nasi katika viti vya makanisa yetu. Wana wao na wajukuu wao wanafanya kazi ile ile leo.

Kwa nini wanaifanya? Jibu si gumu. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana, na cha wana kikagawanywa kwa wajukuu, mpaka kikabaki kipande kisichoweza kulisha nyumba. Kahawa, iliyojenga shule na makanisa yetu, bei yake hupanda na kushuka kwa namna ambayo mkulima hawezi kuitegemea. Mlima ndio shamba lililobaki. Kijana mwenye ada ya mdogo wake ya kulipa hupanda kama vile baba yake alivyokwenda shambani.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya taifa letu na mwenge kileleni, na mahali Meyer alipopaita kwa jina la Kaisari pakawa Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema, mwaka 1959, kwamba mwenge huo ungewaletea heshima waliodharauliwa. Vibanda vya njia ya Marangu navyo viliyaacha majina ya Bismarck na Peters, vikaitwa Mandara na Horombo. Tulibadili majina ya mahali. Kazi ya kuwapa heshima watu wanaopita mahali hapo wakiwa na mzigo kichwani bado haijakamilika.

Jinsi mlima unavyoua

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya mlima ni kuanguka. Ipo, kweli. Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo yakawaua Wamarekani 3, na njia ile ikafungwa kwa muda. Lakini muuaji mkubwa hana kishindo. Kileleni kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni nusu ya ile mwili uliyoizoea. Mwili unaweza kujifunza kuishi hivyo, ukipewa siku. Usipopewa siku, kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hauji. Mtu akiendelea kupanda katika hali hiyo, maji huweza kuvuja mapafuni, akawa anahema hata akiwa ameketi, na kifua kinakoroma. Au ubongo huvimba, naye hutembea akiyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Dawa zipo na mitungi ya oksijeni ipo, lakini tiba ya kweli ni moja: kushuka, tena mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Madaktari wa maradhi ya mwinuko hushauri kwamba ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa tuitazame njia ya Marangu inayopandwa kwa siku 5. Usiku wa kwanza ni Mandara, kwenye mita 2,700 hivi. Wa pili ni Horombo, kwenye mita 3,700. Wa tatu ni Kibo, kwenye mita 4,700. Usiku wa manane huo huo safari ya kileleni inaanza. Kila siku ni karibu mita 1,000, mara mbili ya ushauri. Waongozaji wetu husema "pole pole" tangu getini, na neno hilo limeokoa maisha ya wengi. Lakini upole wa hatua hautoshi pale ratiba yenyewe inapokimbia. Ndiyo maana waongozaji wazuri hupenda safari ya siku nyingi zaidi.

Kwa nini basi ratiba inakimbia? Hapa ndipo safari ya kuongozwa kwa malipo inapokuwa na hatari ya pekee. Sheria za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na sheria hiyo ni njema. Lakini palipo na malipo pana na kimya, na mlimani kimya hicho ni cha watu watatu.

Wa kwanza ni mtalii. Ameweka akiba miaka mingi, likizo yake ni ya siku chache, na kila siku mlimani inalipiwa. Kichwa kinapomuuma anasema ni uchovu. Anaogopa kurudishwa.

Wa pili ni mwongozaji. Anaziona dalili, maana amezizoea. Lakini anajua kwamba bakshishi ya aliyefika kileleni si sawa na bakshishi ya aliyerudishwa njiani, na kwamba kampuni itauliza kwa nini mgeni amelalamika. Wengi hushinda jaribu hilo, na tunawaheshimu kwa ajili hiyo. Haifai, hata hivyo, maisha ya watu yategemee ushindi huo kila usiku.

Wa tatu ni mpagazi, na kimya chake ndicho kikubwa kuliko vyote. Akisema anaumwa, atateremshwa, na kesho getini wapo vijana kumi wanaolitaka zamu lake. Kwa hiyo anasema hajambo. Anafika kambini kabla ya mgeni ili hema liwe limesimama. Analala katika baridi ile ile, mara nyingine akiwa na koti la kuazima na viatu vilivyochakaa. Mvua ya milimani ikimlowesha na jua likatua kabla hajakauka, mwili wake hupoteza joto mpaka usingizi unamchukua, naye haamki. Alivyokufa Sabaya mguu na mkono mwaka ule, ndivyo mtu anavyoweza kufa mwili mzima leo.

Uko uchunguzi wa kitabibu uliowahusu watalii 25 waliofia Kilimanjaro kati ya mwaka 1996 na 2003. Kati yao, 14 walikufa kwa maradhi ya mwinuko, yaani kwa jambo ambalo kushuka mapema huliponya mara nyingi. Ni kazi muhimu, na imewafundisha wengi. Lakini ilihusu watalii. Mpagazi aliyekufa katika miaka ile ile hayumo katika hesabu hiyo. Aliingia katika hesabu ya mama yake tu.

Tusisahau pia wema ulioko. Mgonjwa anapozidiwa, hulazwa kwenye machela ya gurudumu moja, na wanaoikimbiza gizani juu ya mawe ni hao hao waliobeba hema lake mchana. Wengi hupelekwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni ya Shirika la Msamaria Mwema. Jina hilo halikuchaguliwa bure. Msamaria alimhudumia majeruhi bila kuuliza ni wa kabila gani, na alilipa gharama zake. Swali letu ni kama huduma hiyo humfikia mpagazi kwa haraka ile ile, na kama yuko anayelipa gharama zake.

Daktari aliyejiuliza

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la Kilimanjaro peke yake, twende kidogo hadi Himalaya, kwa Mkristo mmoja ambaye mlima ulimbadilisha maisha. Howard Somervell alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, aliyekuwa amewatibu majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 alikuwa katika msafara wa Waingereza uliojaribu kupanda Everest. Tarehe 7 Juni, baada ya theluji nyingi kuanguka, yeye na George Mallory na mwenzao mmoja waliwaongoza wapagazi 14 kupanda mteremko wa theluji. Theluji ikaporomoka. Wapagazi 7 walikufa. Kati ya Waingereza hakufa hata mmoja.

Baadaye Somervell aliandika juu ya siku ile kwa uwazi ambao si kawaida katika vitabu vya milima. Swali lililomtesa lilikuwa kwa nini hapakuwa na Mwingereza hata mmoja aliyekufa pamoja nao. Alisema angekubali kuwa amelala yeye theluji ile, ili tu wapagazi waliosalia wajue kwamba wazungu wao walishiriki hasara kama walivyoshiriki hatari.

Hatuwezi kusema kwamba swali hilo peke yake ndilo lililomwongoza. Tunajua alichofanya. Baada ya msafara alizunguka India, akafika Neyyoor, kusini kabisa, akaikuta hospitali ya misioni yenye wagonjwa wengi na madaktari wachache mno. Aliiacha kazi yenye heshima iliyomngoja London, akarudi India kuwa daktari mmisionari, akatumika huko karibu miaka 40. Alirudi tena Everest mwaka 1924, kwa hiyo hakuichukia milima. Lakini sehemu kubwa ya nguvu zake aliwapa watu wa nchi ambayo wana wake huajiriwa kubeba mizigo ya wengine.

Everest haikuacha kuwahesabu watu kwa namna ile. Tarehe 18 Aprili 2014, barafu ilianguka juu ya njia ya Khumbu ikawaua wafanyakazi 16 wa Nepali waliokuwa wakiandaa njia na kupeleka mizigo ya wateja wa misafara. Hakufa mteja hata mmoja. Siku hiyo Wakristo duniani kote walikuwa kanisani, maana ilikuwa Ijumaa Kuu.

Jina la aliyebeba

Katika ibada ya Ijumaa Kuu sisi husoma habari za mtu mmoja aliyepita njiani akitoka shambani, akashikwa na askari, akalazimishwa kubeba mzigo usio wake. Alikuwa mtu wa Afrika, wa Kirene. Askari hawakuwa na haja ya kumwuliza jina. Walihitaji mabega yake tu. Lakini mwinjili Marko alilitafuta jina lake, akaliandika, Simoni, na akaongeza majina ya wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Kanisa la kwanza lilitaka kujua mpagazi ni nani na watoto wake ni akina nani. Tukiulizwa historia ya Kikristo inaandikwaje, hapo pana jibu.

Tena Torati ina amri ndogo ambayo tunaipita haraka tunaposoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo juu ya dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Amri hii haimshutumu mwenye nyumba kwa kumsukuma mtu. Inamshutumu kwa kutokuweka ukingo. Mlimani ukingo unajulikana: siku za kutosha za kuzoea hewa, mzigo usiozidi kilo 20 ambazo kanuni za hifadhi zimeweka, koti, viatu na mahali pakavu pa kulala kwa kila aliye katika msafara, chakula mara tatu, na uhuru wa kusema "naumwa" bila kuipoteza kazi. Sura ya 24 ya kitabu hicho hicho inaongeza kwamba ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua, maana moyo wake umeutegemea. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro umekuwa ukifanya kazi Moshi, ukiazimisha nguo za baridi bila malipo na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea watu wao. Hiyo ni kazi ya kuweka ukingo, na Mkristo anaweza kuiunga mkono bila kusita.

Basi yako mambo ambayo yamo mikononi mwetu. Wako miongoni mwetu wenye kampuni za utalii, wenye hoteli, wenye magari ya kuwapeleka wageni getini. Hao waulizwe na wachungaji wao habari za mishahara kama wanavyoulizwa habari za zaka. Wako waongozaji, hao waungwe mkono na usharika wanapomrudisha mgeni aliyezidiwa na kupoteza bakshishi. Wako wageni wanaoabudu nasi Jumapili kabla ya kupanda. Hao waambiwe kwa upole kwamba bei ndogo kuliko zote imepunguzwa mahali fulani, na mara nyingi imepunguzwa kwenye sahani ya mpagazi. Na wako wapagazi wenyewe, wana wetu. Hao waambiwe madhabahuni, mbele ya watu wote, kwamba kushuka ukiwa mgonjwa si aibu.

Mtunga Zaburi aliinua macho aitazame milima, akauliza msaada wake utatoka wapi, na jibu lake halikuwa mlima. Lilikuwa Bwana aliyeufanya. Sisi tunaoutazama mlima kila asubuhi tunajua kwamba hausaidii wala haudhuru kwa hila. Ni mawe, barafu na hewa nyembamba. Mengi ya mauti yanayotokea huko huamuliwa huku chini, katika ofisi, katika bei, katika ratiba, na katika kimya.

Kila usharika ulio chini ya mlima huu unao waliokwenda wasirudi. Wazee wanawakumbuka, wajane wao wangali hai, na katika vitabu vya ubatizo majina yao yameandikwa kwa wino ambao haujafutika. Tunaomba majina hayo yakusanywe, yaandikwe mahali pamoja, na yasomwe kwa sauti Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, kila mwaka, pamoja na majina ya watoto wao.